Majibu Ishirini na Nane Yaliyofanana

Kurayoshi, Tottori,
Japani.
Jumapili, 8 Oktoba 2023

Mpendwa Dada Masuyo,

Salamu nyingi kutoka kwetu, zikukute huko ng'ambo Mirandópolis ukiwa mzima na umevaa miwani yako. Jicho linaendeleaje baada ya upasuaji? Mwanao Takeo aliniandikia kwamba daktari amekukataza kusoma kwa muda mrefu na kwamba wewe humsikii. Basi nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Soma nusu, pumzisha jicho, kisha umalizie. Ukitaka mwambie Takeo akusomee, ingawa najua ataruka mistari.

Sisi hatujambo. Joto la mwaka huu lilitukaanga mpaka Septemba ikaisha, na tufani ya Agosti iliangusha mapeasi mengi kabla hayajaiva, ila yaliyobaki mtini ni matamu ajabu. Mgongo wa mzee wangu Noboru bado unamsumbua, naye Noboru bado ananisumbua mimi, kwa hiyo mambo yako vilevile.

Siku ya kuzuru makaburi nilipanda kilimani na ndoo yangu, nikasugua jiwe la babu na bibi mpaka likang'aa, nikaweka maua ya zambarau kwa niaba yako. Shangazi Kimie ana miaka tisini na minne sasa. Kila nikienda kumtazama kule wanakotunza wazee huniuliza kama umesharudi safari. Mimi humjibu kwamba uko njiani.

Sasa keti vizuri, maana nina habari ambayo imenikaa kooni siku kumi na moja. Mdogo wako ameshinda! Sikushinda peke yangu, na aliyeshinda hasa ni binti wa watu, lakini niachie nijisifu kidogo. Nikijisifu hapa nyumbani Noboru anaongeza sauti ya televisheni.

Unajua kwamba nilistaafu mwaka jana, na shule ikanirudisha kwa saa chache kuwalea wanachuo wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Mwaka huu nilipewa mmoja, Chinatsu Inoda, mwaka wa tatu chuoni, mtoto wa mkulima wa mapeasi wa Yurihama. Ni mwembamba, ana sauti ndogo, na akiogopa hushika mkono wake mmoja kwa mwingine. Baba yake hakutaka awe mwalimu. Nani anataka siku hizi? Kazi nyingi, shukrani chache, na vijana wanaikimbia. Alimtaka afanye mtihani wa ofisi ya mji, akae mezani na saa kumi na moja awe nyumbani. Wakakubaliana kwamba wiki nne za mazoezi ndizo zitakazoamua. Zikimwendea vibaya, anajaza fomu ya ofisi ya mji na maneno yanaishia hapo.

Wiki hizo nne hufungwa na somo la wazi. Wageni hujipanga nyuma ya darasa na kalamu zao, kisha wote huingia kikaoni kumchambua mwalimu mbele ya macho yake. Mwaka huu chuo kiliongeza sharti: somo hilo lazima litumie kompyuta za watoto. Kila mtoto anayo yake siku hizi, Dada, ndogo ya kukunja kama kitabu. Bwana Hirabayashi, mkuu wetu wa shule, alinipa habari hiyo huku akicheka.

"Mwalimu Nishio, safari hii chaki haitakuokoa. Ni kompyuta."

"Kompyuta naijua," nikamwambia. "Si ile inayokataa kuwaka?"

"Inakataa kwa sababu hujaichaji."

Basi ndivyo alivyokabidhiwa mtoto wa watu kwa mzee wa chaki. Nawe unaijua sifa yangu. Miaka thelathini na minane sijafuta ubao katikati ya somo. Mtoto akiinua macho mwishoni mwa kipindi, anaona tulianzia wapi, tulipotelea wapi na tumefika wapi.

Somo la kwanza la Chinatsu lilikuwa la kugawana lita mbili za maziwa kwa watu watatu. Swali zuri, lina njia nyingi. Akawaambia watoto wachore kwenye kompyuta, na skrini kubwa ya mbele ikagawanyika vidirisha ishirini na vinane, kila kimoja na jina la mwenyewe. Nilishangaa kwa kweli. Mgala muue na haki yake mpe, nikasema moyoni, kitu hiki kinapendeza.

Kisha likatokea jibu la Kanade. Huyu Kanade humaliza kabla wenzake hawajashika kalamu, na darasa zima linalijua hilo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, kwa hiyo niliona kile ambacho Chinatsu mbele hakukiona. Watoto walitazama kidirisha cha Kanade, wakatazama chao, vidole vikaanza kufuta. Mmoja alifuta, jirani yake naye akafuta, mstari mzima ukafuata. Baada ya dakika kumi tulikuwa na majibu ishirini na nane yaliyofanana kabisa.

"Hongereni, wote tumepata!" Chinatsu akasema kwa furaha. "Kuna mwenye njia nyingine?"

Angetoka wapi? Wewe uliyefundisha watoto wa koloni, makazi ya Wajapani wenzetu huko ng'ambo, miaka yote ile unajua kwamba somo letu linaishi kwa tofauti. Huyu amefanya hivi, yule vile, tunabishana, ndipo tunapojifunza. Wote wakisema neno moja, mwalimu hana la kufanya ila kusubiri kengele. Nikainama kwa Yuzuki, msichana mmoja mkimya anayekaa karibu na dirisha.

"Mbona umefuta yako?"

"Nilikuwa peke yangu, Mwalimu."

"Ulikuwa umekosea?"

"Sijui. Nilikuwa peke yangu tu."

Dada, nilipandwa na hasira, na hasira hiyo nikaipeleka pasipostahili. Sikumweleza Chinatsu nilichokiona. Nilimwambia azifungie kompyuta zote kabatini na afundishe kama watu. Akaitikia "Sawa, Mwalimu," kama wanavyoitikia wote. Siku sita nzima alifundisha kwa chaki, mwandiko ukipanda na kushuka, watoto wakipiga miayo. Na mimi kila jioni nilimwonyesha makosa yake moja baada ya jingine. Nilidhani ninamjenga.

Alhamisi ya wiki ya pili alikuja mezani kwangu akiwa amejishika mkono.

"Mwalimu, nashukuru kwa yote. Nadhani ofisi ya mji inanifaa zaidi."

Nilimwambia tutazungumza kesho, nikaenda nyumbani nimenuna. Noboru alikuwa anamenya peasi.

"Umemfunza nini huyo binti?" akaniuliza.

"Ubao."

"Vyema. Ukishamfukuza, ubao huo utamwachia nani?"

Unamjua Noboru, huongea mara moja kwa wiki, na siku hiyo alinichagua mimi. Niliona aibu, Dada. Nilikuwa nimemwona mtoto anazama, nikamkemea kwa kulowa.

Asubuhi yake nikamwita Chinatsu darasani kabla watoto hawajafika. Nikakaa kwenye kiti cha Yuzuki, magoti yakanigota kidevuni, nikafungua kompyuta ya Yuzuki.

"Leo mwanafunzi ni mimi," nikamwambia. "Nifundishe."

"Mwalimu, jamani…"

"Kuuliza si ujinga. Hapa unabonyeza wapi?"

Akanifundisha. Ana subira huyo binti, maana nilifunga kila nilichotakiwa kufungua. Nilipoanza kuelewa, nikamweleza vile vidole vilivyokuwa vinafuta, na alivyonijibu Yuzuki. Hakuwa ameona hata kidogo, kwa sababu alikuwa amekaa mbele anatazama vidirisha.

"Mashine hii inaweza kuwaficha wasionane?" nikauliza.

"Inaweza. Ni kitufe kimoja tu."

"Kwa nini hukukibonyeza?"

Akafikiri. "Sikujua kwamba inafaa kuficha. Chuoni tuliambiwa uzuri wake ni kushirikishana."

Hapo ndipo nilipoona tatizo lote. Mtoto alifundishwa vitufe vyote, hakuna aliyemwambia wakati wa kila kimoja. Na wakati ndio ninaoujua mimi. Wakati wa kunyamaza, wakati wa kuonyesha, nani aanze, nani asubiri. Nikasimama, nikachukua penseli na karatasi yenye mchoro wa viti vyote vya darasa.

"Haya, twende tukatembee."

Tukatembea kati ya madawati matupu, mimi mbele, yeye nyuma. Nikamwonyesha jinsi ya kupita bila kumtisha mtoto, jinsi ya kusoma daftari likiwa kichwachini, jinsi ya kuandika moja, mbili, tatu kwenye jina la kila mwenye wazo linalofaa kuzungumzwa. Na usimwanze mwenye jibu bora hata siku moja, kwa maana ukimwanza huyo, wengine wote wanafunga midomo. Anza na anayehangaika.

"Lakini Mwalimu, nikikaa mbele naona majibu yao yote kwenye skrini yangu."

"Unaona majibu. Mkono uliositasita unauona?"

Akachukua penseli kutoka mkononi mwangu.

Hatukutaja tena ofisi ya mji. Alisema atafika mpaka siku ya somo la wazi, kisha ataamua. Wiki mbili tulifanya kazi kama wendawazimu. Yeye asubuhi alinifunza mashine, mimi jioni nilimfunza miguu. Siku moja tuliwakalisha walimu wenzetu wawe watoto, na mkuu wa shule akajifanya Kanade.

"Mimi nimemaliza! Mimi nimemaliza!" akapiga kelele na kuangusha rula.

"Hirabayashi, vizuri," Chinatsu akamwambia bila hata kutabasamu. "Sasa tafuta njia ya pili, tena kimyakimya."

Walimu walicheka mpaka wakafuta machozi. Niliisikia sauti yake siku hiyo, Dada. Bado ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imesimama.

Jumatano ya tarehe ishirini na saba wakaja wageni thelathini na mmoja. Kutoka chuoni alikuja Dakta Kurashige, mkuu wa mafunzo ya kompyuta kwa walimu, mtu ambaye wanachuo humtaja kwa kunong'ona. Alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Mimi nilikuwa kwenye kona, kana kwamba ndimi ninayepimwa.

Somo lilikuwa la eneo la msambamba, lile umbo lililolala upande. Kitako sentimita sita, ubavu wa mshazari sentimita tano, kimo sentimita nne. Jibu ni ishirini na nne, sita mara nne, lakini watoto hawakuwa wameambiwa hivyo. Chinatsu akawapa umbo kwenye kompyuta, akabonyeza kile kitufe, na skrini ya mbele ikawa tupu. Wageni wakaanza kutazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba labda imeharibika. Naye Chinatsu akachukua penseli na karatasi yake, akaanza kutembea.

Alipita mstari wa kwanza, wa pili. Alipofika kwa Yuzuki, msichana alifunika skrini kwa kiganja. Chinatsu akachuchumaa hapo, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Naomba nione."

Yuzuki akaondoa kiganja kidogokidogo. Alikuwa ameandika sita mara tano, thelathini. Chinatsu hakumwambia kuwa ni sawa, wala hakumwambia kuwa si sawa.

"Nataka tuanze na yako. Unakubali?"

"Niko peke yangu?" Yuzuki akauliza.

"Hapana. Mko saba."

Saba, Dada! Nami sikuwa najua. Kila mmoja wa wale saba alidhani yuko peke yake duniani, na kwenye ile skrini ya kwanza wote saba wangefuta, na mwalimu asingejua kamwe kwamba robo ya darasa lake inafikiri hivyo. Yuzuki akatazama huku na huku akiwatafuta wenzake sita. Kisha akainuka, akaenda mbele.

"Umbo limelala tu," akasema. "Nimelisimamisha. Likisimama linakuwa mstatili, sita mara tano."

Watoto wengi wakaitikia kwa vichwa. Hata mgeni mmoja aliitikia, nilimwona.

"Haiwezekani," Kanade akasema.

"Kwa nini?" Chinatsu akamwuliza.

"Kwa sababu… haiwezekani."

Darasa likacheka, Kanade mwenyewe akacheka. Hapo Chinatsu akafanya kitu ambacho chaki yangu haijawahi kukiweza kwa miaka thelathini na minane. Akawafungulia kila mmoja umbo linalosogea, akawaambia walisimamishe kama alivyofanya Yuzuki, kisha walilaze, walilaze zaidi, walilaze mpaka basi. Pande hazibadiliki, sita na tano zilezile. Lakini ndani kunazidi kubana.

"Imekwisha!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Mwalimu, ndani hamna kitu!"

"Pande ni zilezile?"

"Zilezile!"

"Bado ni thelathini?"

"Hapanaaa!"

Na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Yuzuki. "Ni kimo!" akasema. "Kimo ndicho kinachopungua!" Yeye mwenyewe, Dada, aliyekosea. Kutoka hapo wakaenda kama maji ya mteremko. Mmoja akakata pembetatu ya upande huu akaihamishia upande ule, ukapatikana mstatili wa sita kwa nne. Kanade aliitwa wa mwisho, na safari hii alikuwa na sababu. Kengele ilipolia, ubao ulikuwa umejaa kutoka kushoto hadi kulia, na ile thelathini ya Yuzuki iko palepale mwanzoni, na jina lake juu, haijafutwa.

Kisha kikaja kikao. Walimu walisema machache, mengine mazuri na mengine ya kutafuta dosari. Dakta Kurashige alisubiri mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bi Inoda, ni programu gani iliyokupangia nani aanze na nani amalizie?"

"Hakuna programu, Dakta. Nilitembea."

"Na skrini, mbona uliificha? Chuoni tumewafundisha kushirikisha."

Nikamwona Chinatsu anaupeleka mkono mmoja kwenye mwingine. Kisha akauacha, akauweka mezani.

"Mlitufundisha kitufe cha kuwaonyesha wote," akasema. "Hamkutufundisha ni lini kifungwe. Watoto wakionana mapema mno, wanafuta."

Mkuu wa shule akainamia chai yake. Mwanachuo wa mwaka wa tatu anamwambia hivyo Dakta Kurashige! Naye Dakta akaandika kitu, polepole, akakipigia mstari.

"Hilo ni kosa letu," akasema. "Asante kwa kutusahihisha. Somo hili limefaulu, tena sana."

Halafu akanigeukia mimi.

"Jungu kuu halikosi ukoko. Mwalimu Nishio, Aprili uje chuoni, ushirikiane nami kuwafundisha wanachuo wa mwaka wa pili somo la kompyuta darasani."

"Dakta," nikamwambia, "mimi hata kuichaji nimejifunza mwezi huu."

"Wanachuo wangu wote wanajua kuichaji," akajibu.

Watu wakacheka, nami nikakubali kabla hajabadili mawazo. Utu uzima dawa, Dada! Miaka sitini na mmoja, na nimeitwa kufundisha kompyuta! Noboru nilipomwambia, alizima televisheni kwa hiari yake.

Lakini kilichonifanya nikuandikie si hicho. Kikao kilipokwisha niliteremka mlangoni, kwenye makabati ya viatu, nikamkuta Chinatsu amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, simu sikioni. Alikuwa anaongea na baba yake. Nilijaribu kurudi nyuma, ila sikujaribu sana.

"Ndiyo, nimefaulu… Hapana, Baba, sikupigii kwa ajili hiyo. Ile fomu ya ofisi ya mji usiichukue." Akasikiliza kidogo. "Najua kazi ni nyingi. Nimeziona kwa macho. Ndizo ninazozitaka."

Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, na nikaogopa, Dada. Mtoto anayejua kuitikia "sawa" kwa kila mtu, sikujua kama ataweza kusimama mbele ya baba yake. Hatimaye akakata simu, akaniona, kiatu bado mkononi, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Ameniambia, 'Basi kapumzike, Mwalimu Inoda.'"

Nikalia palepale, mbele ya wageni wanaotafuta viatu vyao, wala sikujali.

Nisalimie Takeo na mkewe Luciana, na wajukuu wote; waambie bibi yao wa Japani anajua kubonyeza sasa, wanitumie picha. Noboru anakusalimu, na Shangazi Kimie anakungoja. Mababu zetu wakutazame kwa jicho jema, nalo lako lipone haraka, uishi miaka mingi ya kunisikia nikijisifu.

Mdogo wako, ambaye pendo lake kwako halijapungua hata chembe,

Sumie